Herufi Saba Nilizoziacha



Leo sikuleta shairi la kuhakikiwa, wala sikuleta swali la sarufi. Nimeleta kosa langu mwenyewe, pamoja na yale machache niliyojifunza nilipokuwa nikilitafutia maelezo. Nimelikaa nalo kwa muda wa miezi kumi, na nimeona si vyema nizikwe nalo.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34. Katika miaka hiyo yote sikuwa mwepesi wa kumsamehe mwanafunzi aliyeandika jina la mtu kwa uzembe. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa lugha alituusia kwamba mwalimu anayekosea jina la mwanafunzi siku ya kwanza hupoteza nusu ya mwanafunzi huyo, na nusu iliyobaki itamchukua mwaka mzima kuirudisha. Niliushika wasia ule. Kila Januari nilijifungia na orodha ya kidato cha kwanza, nikayasoma majina kwa sauti mpaka ulimi ukayazoea. Ajabu ni kwamba jina lililokuja kunishinda uzeeni halikuwa la mwanafunzi wala la mtu yeyote. Lilikuwa jina la kompyuta.

Niwaeleze kwanza habari za wajina wangu. Nilikuwa na mwenzangu ambaye tulifundisha pamoja katika shule moja kwa miaka 19, yeye Jiografia, mimi Kiswahili. Jina letu lilikuwa moja, tena ni jina la kawaida. Katika kila darasa la huku pwani hawakosekani watatu wenye nalo. Barua zake zilikuja kwangu, na mshahara wangu uliwahi kuandikwa kwa jina la baba yake. Wanafunzi, ambao katika kutoa majina hawana mpinzani, walilimaliza tatizo lile kwa juma moja tu: yeye wakamwita Mwalimu Miwani, mimi wakaniita Mwalimu Mrefu. Sisi wenyewe tuliitana Wajina, na tukaendelea kuitana hivyo mpaka siku ya mwisho.

Wajina alipostaafu, alifanya jambo lililonishangaza. Yule mtu wa ramani na mvua za masika alianza kutunga utenzi. Aliutunga kuhusu mto Pangani, kuanzia maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru, akaufuata mto ule kituo kwa kituo hadi unapoingia Bahari ya Hindi. Alizitaja jamii za kandokando yake, mashamba ya mkonge, mitambo ya umeme, mamba, vivuko na wavuvi. Kila alipomaliza beti kumi alinipigia simu, akanisomea, nami nikamsahihisha vina. Alifika beti 412. Zile 96 za mwanzo aliziandika daftarini kwa mkono. Zilizobaki aliziandika moja kwa moja katika kompyuta, kwa sababu watoto wake walikuwa wamewanunulia yeye na mkewe kompyuta mpakato mbili, nyeusi, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja kwa fundi mmoja.

Kisha akaugua. Alasiri moja aliniita, akanionyesha mashine iliyokuwa juu ya meza ndogo karibu na kitanda, akasema, "Wajina, utenzi umo humu. Hizi mashine mbili ni kama pacha, na mimi nikiondoka watazichanganya. Liandike jina la hii." Nilimfungulia, nikatafuta ukurasa unaoonyesha jina la kompyuta, nikaliona: DESKTOP-Q4X7KR2.

Nililitazama, nikalidharau. Niliona neno moja la Kiingereza, tena si la kweli, maana neno hilo ni la kompyuta ya mezani na ile ilikuwa mpakato. Baada ya neno hilo kulikuwa na kistari, na baada ya kistari takataka za herufi na tarakimu, mbili kati yake, Q na X, zikiwa hazimo hata katika alfabeti ya Kiswahili. Nikadhani jina ni lile neno, na zile takataka ni namba ya kiwandani, kama ile iandikwayo chini ya jokofu. Nilitoa daftari langu nikaandika: "Utenzi wa Wajina umo katika kompyuta iitwayo DESKTOP." Nikafunga daftari, nikamwambia, "Nimeandika." Akatulia. Siku ya kumi na moja baada ya hapo tulimzika.

Baada ya arobaini, familia iliamua kwamba mashine moja apewe mtoto wa mwisho aliyekuwa akienda chuoni, nayo isafishwe kabisa na kusakinishwa mfumo endeshi upya. Zote mbili zikapelekwa kwa fundi. Fundi, kijana mwenye adabu ambaye niliwahi kumfundisha, akanipigia simu kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye mwenye amana ya utenzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisafishe ipi kati ya hizi mbili?"

"Marahaba, mwanangu. Iliyoandikwa DESKTOP usiiguse. Safisha hiyo nyingine."

Akawasha iliyokuwa mbele yake, akaona DESKTOP, akaiweka kando kwa heshima. Ile nyingine akaisafisha bila kulitazama jina lake. Kwa nini alitazame, na mwalimu wake amekwisha kumwambia? Iliyowekwa kando ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Ndani yake mlikuwa na picha za harusi na hesabu za mchango wa kikoba. Nayo pia iliitwa DESKTOP, kistari, kisha herufi zake nyingine saba.

Fundi alijitahidi siku tatu na programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Hakupata kitu cha kusomeka. Nilipokwenda kuitazama mashine ile iliyosafishwa, niliomba anionyeshe jina lake. Hata hilo halikuwa tena Q4X7KR2. Mfumo ulipowekwa upya uliipa jina jingine jipya la nasibu. Mashine ilikuwa imesahau utenzi, ikamsahau mwenye utenzi, ikajisahau hata yenyewe.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza kwa nini hapakuwa na nakala. Wajina hakupenda flashi kwa sababu ya virusi, na huko kunakoitwa wingu kunataka bando la kila mwezi. Mimi nilikuwa na simu yangu mkononi alasiri ile, ningeweza hata kuzipiga picha zile kurasa. Sikufanya hivyo kwa sababu nilijiona nimekwisha kuandika jina.

Ndipo nikaanza kusoma habari za majina haya, kwa hasira kwanza, kisha kwa udadisi, na mwisho kwa unyenyekevu. Naomba nikushirikishe, kwa kuwa naamini mambo haya ni yetu sisi watu wa lugha kuliko ya mafundi.

Kompyuta haiwezi kukaa bila jina. Ikiunganishwa na nyingine katika mtandao mmoja, ni lazima ziweze kuitana. Basi mtu anaposakinisha mfumo endeshi na asitoe jina, mfumo humpa mashine jina lolote ili safari iendelee. Kila mfumo una desturi yake. Windows 7 ilichukua jina la mtumiaji ikaliongezea PC, hata ukaona katika ofisi mashine nyingi zikiitwa kwa majina ya watu waliokwisha kuhamishwa. Windows 10 iliacha majina ya watu ikaingia katika bahati nasibu: DESKTOP, kistari, na herufi au tarakimu saba. Kompyuta za Apple huunganisha jina la mwenye mali na aina ya mashine, na zikikutana mbili zenye jina moja katika mtandao, ya pili huongezewa namba. Katika ulimwengu wa Linux, Debian hupendekeza jina "debian", na ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huzaliwa ikiitwa "raspberrypi", kama kwamba kila mtoto wa ukoo angeitwa kwa jina la ukoo na si zaidi.

Liko pia jina "localhost", ambalo kila mashine hujiita lenyewe ndani ya nafsi yake. Hili lilinipendeza. Halimtambulishi mtu kwa mwenzake hata kidogo. Ni sawasawa na neno letu "mimi": kila mmoja analo, kila mmoja analitumia kwa haki, lakini huwezi kumwita jirani yako kwa neno hilo naye akaitika.

Na zile herufi saba nilizozidharau? Hizo ndizo zilizokuwa jina. Iwapo kila nafasi katika saba hizo inaweza kubeba herufi yoyote kati ya 26 za Kiingereza au tarakimu yoyote kati ya 10, basi michanganyo inayowezekana ni 78,364,164,096. Neno DESKTOP ndilo lisilotofautisha kitu. Ni kama "Mwalimu" katika "Mwalimu Miwani". Nilishika cheo nikaacha jina. Lau mwanafunzi wangu angeandika katika insha kwamba kitabu kiko kwa "Mwalimu" na asiseme mwalimu yupi, ningempiga mstari mwekundu.

Sasa, washairi, nisikilizeni katika hili. Majina haya yana ukomo wa herufi 15, na ukomo huo una historia. Mwaka 1983 kampuni ya Sytek iliitengenezea IBM mfumo wa mawasiliano ya mtandao uitwao NetBIOS. Humo kila jina lilitengewa nafasi 16. Katika matumizi ya Microsoft, nafasi 15 ni za jina lenyewe na ya 16 haionekani kwa mtumiaji. Hiyo hueleza aina ya huduma inayotolewa na mashine. Nilipoisoma habari hiyo nilichukua kalamu nikahesabu. DESKTOP pamoja na kistari chake ni alama 8. Herufi za nasibu ni 7. Ukiongeza ile moja iliyofichwa, upande wa pili nao unatimia 8. Nane kwa nane, jumla 16: ukwapi na utao.

Najua vizuri kwamba mizani ni silabi na wala si herufi, na kwamba NetBIOS haikuundwa na malenga. Mwanafunzi akiniletea hoja ya aina hiyo ningemwambia ni sadfa, na kweli ni sadfa. Hata hivyo iliniuma. Wajina alikuwa amelala pale, nami mtu wa mizani nikaandika ukwapi nikaacha utao. Nikiwa katika kazi yangu ya kila siku nisingekubali mshororo uliokatwa katikati. Niliukubali kwa sababu sikuuona kuwa ni lugha.

Nimegundua pia kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kulitafakari jambo hili kwa uzito. Katika zile nyaraka za kiufundi za intaneti ziitwazo RFC, umo waraka namba 1178 wa Agosti 1990, ulioandikwa na Don Libes, unaoshauri namna ya kuipa kompyuta jina. Anashauri usiipe mashine jina lako mwenyewe, wala jina la kazi inayoifanya leo, kwa kuwa kazi itabadilika na jina litabaki likisema uongo. Anashauri utumie maneno ya kweli, na ikiwa mashine ni nyingi, uyachukue majina kutoka fungu moja. Na tarehe 1 Aprili 1997, siku ya wajinga, J. Ashworth akatoa waraka namba 2100 kuhusu majina ya kompyuta, nao ni shairi, lililofuata kwa mzaha shairi la T. S. Eliot kuhusu majina ya paka. Kumbe hata mafundi, walipofika kwenye suala la jina, walibisha hodi kwa washairi.

Na sisi Waswahili tunaliitaje jina la namna hii? Watafsiri wa programu hutumia "chaguo-msingi" kwa kila kitu ambacho mashine imejiwekea. Naliheshimu neno hilo, limekwisha kuenea. Lakini kwa jina la kompyuta linanisumbua, kwa sababu hapa hakuna aliyechagua na hakuna msingi uliojengwa. Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi ya jina la utotoni: mtoto akizaliwa hupewa jina la kumshikilia, kisha baadaye hupewa jina lake la ukubwani. Naona hilo ndilo neno letu. DESKTOP-Q4X7KR2 ni jina la utotoni. Halina aibu, maana mtoto hawezi kukaa bila kuitwa. Aibu ni ya wazazi wanaomwacha mtoto mpaka anaota ndevu, hawajamwita jina lake la ukubwani.

Tena wapo miongoni mwetu wanaobaki na majina yale ya utotoni maisha yao yote, nao wakayapa heshima: Mashaka, Tabu, Chausiku, Sikudhani, Shida. Hapo namkumbuka mtu mmoja. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakutufikia kwa bahati. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu mmoja wa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa katika kitabu. Mwalimu huyo aliitwa Sikujua bin Abdallah. Lipime jina hilo, msomaji. Aliyetuhifadhia Muyaka ni mtu aliyekuwa akiitwa Sikujua.

Mimi nami ningeweza kusema "sikujua", na ndivyo nilivyosema kwanza nilipokwenda kumkabili mjane. Nilikaa barazani, nikashindwa kuinywa chai aliyonitengea. Nikamwambia, "Shemeji, utenzi umepotea, na aliyeupoteza ni mimi. Sikujua kwamba jina ni zile herufi za mwisho."

Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Shemeji, wewe alikusomea zile beti kwenye simu. Lakini kabla ya kukusomea wewe, alikuwa akinisomea mimi jikoni. Unafikiri alikuwa akizipima kwa nani?"

Akaanza kusoma, macho yakiwa kwenye kinu. Alizitoa beti tatu za kivuko, bila kukosea kina. Nilitoa lile daftari langu, lililokuwa bado limeandikwa DESKTOP kwenye ukurasa wake, nikageuza ukurasa nikaanza kuandika. Sikumwambia kwamba beti mbili kati ya zile niliwahi kuzisahihisha, na kwamba yeye alizisoma kama zilivyokuwa kabla ya masahihisho yangu. Nilipofika nyumbani niliona kwamba za mwanzo zilikuwa nzuri zaidi.

Tangu siku hiyo tunakusanya. Beti 96 zimo katika daftari la Wajina. Mjane ametupatia 22. Mimi, kwa kukumbuka zile simu, na wanafunzi wetu wa zamani aliowahi kuwatumia vipande kwa ujumbe wa simu, tumepata 33. Jumla ni 151. Zilizobaki 261 sijui kama zitapatikana, na sitawadanganya kwamba nina matumaini makubwa. Sehemu ya mamba imepotea yote. Sehemu ya mwisho, pale mto unapoingia baharini, tunayo mishororo michache isiyofanya ubeti. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hatuna tamati yake. Mnajua desturi ya tendi zetu nyingi: mtunzi akifika mwisho hujitaja jina, akaweka tarehe, akahesabu beti zake, ili msomaji ajue ni nani aliyesema na amesema kiasi gani. Wajina aliniambia kwamba alikwisha kuitunga, na hakunisomea. Alisema ataniachia niisome mwenyewe.

Methali yasema kosa moja haliachi mke, na mjane wa Wajina hakuniacha. Lakini methali haikusema kwamba kosa hufutika.

Katika mambo niliyoweza kufanya, moja ni dogo sana, nalo nalipendekeza kwenu. Mwezi uliopita nilimwomba fundi yule anifundishe kubadilisha jina la kompyuta. Ni kazi ya dakika mbili: unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya mfumo, unatafuta habari za kifaa, unabonyeza kitufe cha kubadilisha jina, unaandika, kisha mashine inaomba izimwe na kuwashwa upya. Masharti ni machache. Usizidishe herufi 15, usiache nafasi, tumia herufi, tarakimu na kistari tu. Ritifaa haikubaliwi. Hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mtu wa Chang'ombe hawezi kuiita mashine yake kwa jina la mtaa wake bila kuuharibu, na hata ile methali yetu ya kwamba jina jema hung'ara gizani haiwezi kuandikwa pale. Jina jema katika kompyuta litang'ara bila ritifaa, au lising'are kabisa.

Mashine ya mama sasa inaitwa KIVUKO, kwa heshima ya zile beti tatu. Ya mtoto aliyeko chuoni, ile iliyosafishwa, mwenyewe aliniomba niichagulie jina. Nilikaa nalo siku mbili. Nilimwita AMANA. Nikamweleza kwa nini, kwa sababu hakuwa ameambiwa yote, na nilitaka ayasikie kutoka kinywani mwangu. Aliniambia, "Baba mdogo, basi nakala ya zile 151 iwemo humu." Imo humo, na imo katika KIVUKO, na imo katika yangu, na imo katika karatasi zilizochapwa ambazo mjane amezifunga kwa kanga ndani ya kasha lake. Mahali pane, kila pamoja pana jina, na majina yote manne yameandikwa kwa ukamilifu nyuma ya daftari.

Nilipokuwa nikisubiri ile mashine iwake upya na jina lake jipya, ubeti mmoja ulinijia, nikausema kwa sauti ya mashine. Sijautunga ili usifiwe. Nauacha hapa kama mtu anavyoacha jina lake mlangoni:

Walinipa hili jina, gizani bila ya swali,
Halikuwa na maana, wala chanzo na asili,
Leo naitwa Amana, nyumbani nimewasili,
Nilichopewa na bwana, nitakirejesha kweli.

Ndugu zangu, nina ombi kabla hamjafunga ukurasa huu. Tazameni jina la kompyuta mnayotungia. Likiwa bado ni la utotoni, lipeni la ukubwani, na mlitie katika daftari lote, herufi kwa herufi, pamoja na zile msizozipenda. Kisha mtafuteni mtu mmoja nyumbani, mumsomee mashairi yenu jikoni.

Wasalaam.